Masale ya Mama na Ukuta wa Kaka

Shikamoo Shangazi,

Naishi Moshi, Kiboriloni, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba miaka ya 1980. Mimi ni wa pili kati ya watoto watano, na ndiye niliyebaki na mama. Wenzangu wako Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza.

Nyumba ni ya tofali za saruji, ina vyumba vinne na kibaraza kwa mbele. Bati ni la zamani, halivuji, ila pembezoni limeshika kutu. Gata haijawahi kuwa nazo. Kwa ndani tumeitunza vizuri. Shida iko mbele, pale anapopaona kila anayepita. Ukuta kuanzia chini mpaka usawa wa goti umebabuka rangi, una madoa meupe ya chumvichumvi, na kuna sehemu plasta inadondoka ukiigusa kwa kidole. Miaka miwili iliyopita tulipaka rangi upya, rangi ya bei. Ilipopita masika moja tu ikavimba na kubanduka palepale. Fundi akatuambia tuliuziwa rangi feki.

Uwanja wa mbele hauna majani, ni udongo mtupu ambao mama anaufagia kila asubuhi tangu nikiwa mdogo. Na tangu barabara ya mtaa imwagiwe moramu ikainuka, mvua ikinyesha maji yanaingia kwa getini yanakuja kutuama karibu na ngazi. Geti lenyewe ni la bati, limepinda, halifungi mpaka ulinyanyue.

Mwezi uliopita mwanamume mmoja alisimama nje akamuuliza mama kama nyumba inauzwa, maana alidhani haina mtu. Mama alimjibu kwa upole, lakini siku ile nzima hakuongea.

Desemba tuna jambo. Mdogo wetu wa mwisho anatolewa mahari tarehe 27, wageni wanatoka Iringa, na ukoo mzima utakuwa umepanda kuja nyumbani kama kawaida ya msimu ule. Tumechangishana, tuna shilingi milioni 4. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyetoa nusu, anataka masale yote ya mbele, ile mimea ya uzio, yang'olewe, ujengwe ukuta wa tofali na geti kubwa jeusi, halafu chini ya madirisha tubandike vigae ili yale madoa yasionekane. Ameshaongea na fundi kwa simu. Mama hataki hata kulisikia. Masale yale baba aliyatoa kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwa babu, Uru, akayapanda kwa mkono wake mwaka waliohamia hapa. Mama amesema, "Mkiyang'oa, na mimi mnitoe." Kaka anasema mama anarudisha maendeleo nyuma, na kwamba nikiendelea kumtetea nitabaki peke yangu na nyumba ya aibu.

Sasa ni Agosti na niko katikati ya watu wawili ninaowapenda. Nataka nyumba ya wazazi wetu ionekane ina watu na ina heshima. Nianzie wapi, Shangazi?

Binti wa Pili, Kiboriloni

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa swali la yule mpita njia. Mama aliyekaa nyumba ile kwa miaka zaidi ya thelathini kuulizwa kama haina mtu ni jambo linalouma, na ninaelewa kwa nini alinyamaza.

Nikujibu kwanza lile mnalogombania, halafu twende kazini. Msijenge ukuta mwaka huu. Msiguse masale kwa kuyang'oa. Na msinunue hata kopo moja la rangi mpaka mmalize habari ya maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyowaharibia mbele ya nyumba, na yataendelea kuiharibu hata mkiweka vigae vya bei gani.

Yule fundi wa kwanza alisema rangi ilikuwa feki. Inawezekana, lakini dalili ulizonieleza hazisemi hivyo. Rangi feki ingepauka na kubanduka ukuta mzima, juu na chini. Ya kwenu imebanduka chini tu, usawa wa goti, na imeacha chumvi. Hayo ni maji. Yanaingia ukutani kutokea chini, yanapanda kupitia vitundu vidogo vya tofali na plasta, na njiani yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye udongo, mchanga na saruji. Yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Chumvi hiyo inapoganda nyuma ya rangi inaisukuma rangi nje, na inapoganda ndani ya plasta inaivunjavunja. Ndiyo maana ukiigusa inadondoka.

Yanatoka wapi? Kwa maelezo yako, kuna njia tatu kwa mkupuo. Ya kwanza ni bati lisilo na gata. Fanya hesabu hii na mumwonyeshe kaka: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya vyumba vinne, tuseme paa lake ni mita 12 kwa 10, upande wa mbele peke yake una mita za mraba 60. Mvua moja nzuri ya milimita 40, na Aprili hapo Moshi mnazipata, inamwaga mbele ya nyumba yenu lita 2,400. Ni mapipa 12 ya lita 200, yote yakianguka kwenye mstari mmoja karibu na ukuta, yanachimba udongo na kuurusha ukutani. Ukiangalia vizuri utaona chini ya madirisha kuna matone ya udongo yaliyorukia rangi.

Njia ya pili ni barabara iliyoinuka kuliko uwanja wenu. Na ya tatu itakushangaza: ni ufagio. Kufagia udongo mtupu kila asubuhi kwa miaka yote hiyo kunaondoa udongo wa juu kidogo kidogo, uwanja unashuka, unakuwa bonde. Mama hakukosea, ndivyo tulivyolelewa sote, na uwanja uliofagiwa ni heshima ya mwenye nyumba. Lakini bonde likishakuwepo maji yatalitafuta.

Juu ya hayo, nyumba nyingi za umri huo hazikuwekewa ile nailoni nyeusi inayotandazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha kuta, au iliwekwa na ikachanika. Hiyo si rahisi kuirudisha leo bila kubomoa. Unachoweza ni kuyafukuza maji yasiufikie msingi kabisa, na mara nyingi hilo linatosha.

Sasa umeona kwa nini nakataa vigae. Kigae kinaziba uso wa ukuta, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Baada ya masika moja au mbili utaona doa jeupe limehamia juu ya kigae, usawa wa dirisha, na vigae vyenyewe vinaanza kulia tupu ukivigonga. Vikianza kudondoka vinadondoka na plasta. Mtakuwa mmelipa fedha nyingi ili tatizo lihamie mahali linapoonekana zaidi.

Kazi ianze juu ishuke chini. Kabla ya gata, fundi apande na brashi ya waya asugue kutu kwenye ukingo wa bati, apake ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati. Si lazima mpake paa zima mwaka huu. Ukingo unaoonekana kutokea getini unatosha. Mbao za ukingo, zile mafundi wanaita fishabodi, zilizooza zibadilishwe, zilizobaki zipakwe rangi wakati huohuo, maana gata zikishafungwa brashi haifiki. Hapa niwaambie na wengine mnaosoma: kama paa la nyumba ya zamani ni la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yanayovunjika kama kigae, msilisugue wala kulitoboa. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Gata zifungwe mbele na nyuma, zikiwa na mteremko mdogo kuelekea pembe moja, na maji yaingie kwenye tenki. Tenki la lita 2,000 au 3,000 upande usioonekana na barabara litamsaidia sana mama kumwagilia. Mvua ya kwanza iachieni ipite, inasafisha vumbi na kutu ya bati. Maji hayo ni ya bustani na usafi. Ya kunywa endeleeni na ya bomba.

Kisha chini. Kuzunguka nyumba, hasa mbele, udongo uchimbwe vya kutosha ili uso wa zege uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, halafu imwagwe zege yenye upana wa sentimita 75 hivi, ikiteremka kutoka ukutani kwenda nje. Sentimita mbili mpaka tatu za mteremko kwa kila mita zinatosha, jicho haliuoni lakini maji yanauona. Mwambie fundi amwage ndoo ya maji mbele yako zege ikishakauka. Yakirudi ukutani, hajamaliza kazi. Kama kuna bustani ya maua iliyobanana na ukuta, ihamisheni. Kumwagilia maua yaliyoegemea ukuta ni kumwagilia ukuta.

Getini wekeni tuta dogo la zege, kimo cha tuta la kupunguza mwendo, na mtaro mwembamba wa kuyageuza maji ya barabarani yaendelee na safari yao. Ila msiyapeleke kwa jirani. Muoneni mwenyekiti wa mtaa kwanza. Kama barabara ile ilimwagiwa moramu bila mtaro wa pembeni, tatizo si lenu peke yenu, na ni haki ya mtaa kulifikisha TARURA, ambao ndio wanaosimamia barabara za mitaa.

Maji yakishapata njia, ndipo mrudi kwenye ukuta. Plasta iliyooza ibomolewe yote, na fundi asiishie kwenye doa. Apande sentimita 30 juu ya pale doa linapoishia. Chumvi isuguliwe kwa brashi ikiwa kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka, inarudi ndani, na kesho iko palepale. Uacheni ukuta wazi ukauke, Agosti na mwanzo wa Septemba jua na upepo vya Moshi vitawafanyia kazi hiyo bure. Plasta mpya imwagiwe maji kila siku kwa siku 7 ili saruji ishike, halafu isubiri wiki 4 kabla ya rangi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbilia mwisho. Plasta mbichi ina magadi ya saruji yanayokula rangi, na ina maji ambayo bado yanatafuta kutoka. Ukiipaka wiki ya pili itapendeza Krismasi na itababuka Pasaka.

Hesabu tarehe zako: mkianza gata na zege sasa, plasta ikaisha katikati ya Septemba, rangi inaingia wiki ya tatu ya Oktoba, kabla vuli haijashika. Mkichelewa kwa ugomvi wa ukuta mpaka Novemba, mtapaka rangi kwenye plasta mbichi na mawingu juu.

Rangi yenyewe ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mbele ya nyumba ya mita 12, kimo cha mita 3, ni mita za mraba 36, na ukitoa mlango na madirisha hazifiki 30. Lita moja ya rangi nzuri ya maji ya nje inapaka takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Kwa mikono miwili mbele peke yake mnahitaji lita 6. Ndoo moja ya lita 20 inawatosha mbele na pembeni, bakieni na kidogo cha kuzibia madoa mwakani. Nunueni yote siku moja duka moja, muangalie namba ya toleo kwenye ndoo zifanane, na mtu wa nyumbani awepo inapochanganywa. Rangi ikizidishiwa maji inaenda mbali lakini inakufa mapema.

Kuhusu rangi gani, ushauri wangu ni msipake nyeupe mpaka chini. Vumbi la kiangazi na matope ya masika vitaifanya ionekane imechoka ndani ya mwaka. Wekeni mkanda wa chini wa kimo cha sentimita 60 wa kijivu kilichokolea au rangi ya udongo, na juu yake rangi ya maziwa au njano iliyopoa sana. Grili za madirisha, mlango wa mbele na geti vyote viwe rangi moja, iliyokolea. Kitu kinachoifanya nyumba ionekane imepangwa ni uchache wa rangi, tatu zinatosha. Lakini chukueni kwanza makopo madogo ya rangi mbili tatu, mzipake ukutani vipande vya ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, na mama ndiye achague baada ya kuziona asubuhi na jioni. Nyumba ni yake.

Jambo la usalama kabla sijalisahau: rangi za mafuta za zamani kwenye fremu na milango mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo yanadhuru ubongo wa mtoto. Mnapokwangua, lowesheni kwanza, wajukuu wasiwepo, na makapi yafagiliwe na kutupwa siku hiyohiyo.

Geti msilinunue jipya. Lililopinda kwa kawaida lina bawaba zilizochoka au nguzo iliyolala, na fundi wa kuchomelea anamaliza kazi hiyo kwa siku moja. Likinyooshwa, likasuguliwa kutu, likapakwa rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi iliyokolea, hakuna atakayejua ni lilelile. Kibao cha namba ya nyumba, vile vilivyokuja na zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, kifuteni vumbi mkifunge panapoonekana. Nyumba yenye namba safi na taa inayowaka kibarazani jioni haiulizwi kama ina mtu.

Kutoka getini mpaka kwenye ngazi tengenezeni njia. Hii ndiyo sehemu ambayo ningeitumia fedha kwa furaha kuliko zote, kwa sababu ndiyo wageni wa mahari watakayopita wakiwa wamevaa vizuri, na ndiyo mama atakayopita kila siku miaka yote ijayo. Iwe na upana wa mita 1.2, watu wawili waende sambamba. Moshi mmebarikiwa mawe meusi ya volkano. Mawe bapa yaliyopangwa kwa mkono mzuri, na kokoto katikati yake, yanapendeza kuliko tofali za pevingi na yanadumu. Lakini yapangwe yakiwa sawa kabisa, yasimkwaze mtu mzima mwenye fimbo. Ngazi zipimwe: kila moja iwe na kimo sawa na mwenzake, sentimita 15 hadi 17. Ngazi moja iliyozidi ndiyo inayoangusha watu. Wekeni na bomba la kushikilia upande mmoja.

Uwanja ujazwe udongo pale uliposhuka, kisha mpande ukoka. Si lazima uwanja mzima. Acheni kipande mbele ya kibaraza cha kokoto au udongo mgumu, mama aendelee kufagia kama alivyozoea, na penye ukoka apumzike. Mche wa ukoka unapandwa vipande vipande umbali wa kiganja, na ukipandwa Oktoba ukamwagiliwa, vuli itaumalizia. Maua yasiwe mengi. Bogenivilia moja karibu na geti, haibiskasi mbili, na ile mimea ya majani mekundu ya Krismasi kwenye vyungu viwili pande zote za ngazi. Wauza miche wapo wengi pembezoni mwa barabara. Chagueni iliyokwisha kukua kidogo. Msipande mfikasi karibu na nyumba hata kama wanawapa bure. Mizizi yake inatafuta msingi na mabomba ya maji.

Sasa masale.

Kaka yako pengine anayaona ni majani ya shamba yaliyobaki mjini. Wewe na yeye ni Wachaga, mnajua mmea ule unabeba nini. Ndio mpaka wa kihamba. Ndio jani analoshika mtu aliyekosa akienda kuomba radhi, na aliyekosewa akiona jani la sale anapata taabu kukataa. Baba yenu alipohama kutoka Uru angeweza kupanda michongoma kama jirani yoyote, lakini alibeba masale ya kwa baba yake. Kuyang'oa huku mjane wake akiwa kibarazani anatazama, ili wageni wanaokuja kuomba binti wa nyumba ile wakute ukuta, mimi siwezi kuwashauri.

Na masale hayo ni mazuri, ila yametelekezwa. Sale likikatwa linachipua, na shina lililokatwa likipandwa linashika mizizi kwa urahisi. Basi yakateni yote yawe kimo kimoja, usawa wa kifua, kwa kamba iliyovutwa toka pembe hadi pembe. Majani makavu ya chini yatolewe. Mapengo yajazwe kwa vipande vya yaleyale yaliyokatwa, vya urefu wa mkono, na Novemba mvua itavishikisha. Yakisimama kwenye mstari mmoja, ya kijani kilichokolea, na ukuta wa rangi ya maziwa ukiwa nyuma yake, mtakuwa na mbele ya nyumba ambayo haifanani na ya mtu mwingine mtaani.

Kaka ana hoja moja ya kweli ambayo hukuiandika lakini naisikia: anaogopa usalama wa mama akiwa mbali. Msiipuuze. Upande wa ndani wa masale, hatua moja nyuma, simamisheni nguzo na wavu wa waya wa kimo cha mita moja na nusu. Baada ya misimu miwili masale yataumeza na hautaonekana kutokea nje. Hiyo itagharimu sehemu ndogo ya ukuta. Maana ukuta, kama urefu wa mbele ni mita 25 na kimo mita 2, ni mita za mraba 50, na kila mita inakula takriban tofali 10. Aulize bei ya tofali Moshi leo, azidishe kwa 500, aongeze msingi, nondo, nguzo, plasta, fundi na lile geti jeusi. Milioni 4 zitaishia kwenye ukuta ambao haujapigwa plasta, na nyuma yake nyumba inaendelea kubabuka. Tena ukuta unahitaji kibali cha ujenzi cha manispaa, na mkiondoa masale ambayo majirani wote wanayajua kuwa mpaka kabla ya mpima kuonyesha bikoni, yale mawe ya mpaka, zilipo, mnaweza kujifungulia kesi ya ardhi bure.

Usimjibu hayo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mpigie yeye peke yake. Mwambie umeipokea nia yake, na kwamba nusu ya mchango ni yake na unataka aone kila shilingi ilikoenda. Mpe kazi inayomfaa mtoto wa kwanza: yeye ndiye alipe gata na tenki, na yeye ndiye amwambie mama kwa mdomo wake kwamba masale yanabaki. Akilisema yeye, mama atalipokea vingine kabisa kuliko ukilisema wewe.

Fedha zikae kwa mtu mmoja, vifaa nunueni wenyewe, risiti na picha ziende kwenye kundi kila Jumamosi. Fundi alipwe kwa mafungu: akianza, akifika katikati, na la mwisho baada ya kazi kukaguliwa. Kwa fedha mlizonazo, nusu au zaidi iende kwenye gata, zege na plasta ya chini. Kinachobaki kigawane geti, njia, rangi na miche. Ikipungua, punguzeni njia ya mawe au tenki, msipunguze zege.

Fungu la mwisho la fundi wa gata lishikilie mpaka mvua ya kwanza ya vuli. Siku hiyo vaa buti, zunguka nyumba ikiwa inanyesha, angalia kila kiungo na kila pembe, na chora kwa chaki pale panapovuja.

Shangazi